Maswali ya Wasomaji: Hadithi Isiyo na Haraka

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tabata. Mimi si mtazamaji mkubwa wa anime, yaani katuni za Kijapani. Huzitazama jioni baada ya kazi, sehemu moja kila siku. Hivi karibuni nimemaliza mbili: msimu wa kwanza wa Frieren wenye sehemu 28, na msimu wa pili wa Vinland Saga wenye sehemu 24. Zote zimenigusa, lakini wenzangu wa kijiweni waliziacha njiani wakidai kwamba mapigano ni machache na mwendo ni wa kobe. Mimi mwenyewe nina malalamiko mawili juu ya Frieren: shujaa Himmel anafariki katika sehemu ya kwanza kabla hatujamzoea, na ule mtihani wa wachawi wa sehemu za mwisho ulinichosha. Tena mama, aliposikia kwamba mhusika mkuu ni mchawi, aliniomba nizime televisheni. Je, wenzangu wana hoja?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mama, kwa kuwa hofu yake imetokana na lugha yetu yenyewe. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru wenzake, na hakuna mzazi wa Tabata atakayefurahi kumwona akishangiliwa sebuleni kwake. Katika hadithi hii uchawi ni elimu inayosomwa vitabuni na kutahiniwa. Mweleze mama kwamba Frieren hupita kijiji hadi kijiji akikusanya maarifa madogo madogo, kama vile namna ya kuondoa kutu kwenye sanamu, kugeuza zabibu tamu ziwe chachu, au kuotesha maua shamba zima. Nadhani ataketi atazame nawe.

Kuhusu kifo cha Himmel, sikubaliani nawe hata kidogo. Frieren ni elf, kiumbe wa ngano anayeishi karne nyingi; ameishi zaidi ya miaka 1,000, na ile miaka 10 aliyosafiri na Himmel, kasisi Heiter na mpiganaji Eisen ilikuwa kwake kama safari ya wiki moja. Akaagana nao, akarudi baada ya miaka 50 na kumkuta Himmel ni mzee. Kinachomliza mazikoni ni kutambua kwamba hakufanya juhudi yoyote ya kumjua. Wewe nawe hukumjua, kwa hiyo mnaanza kumjua pamoja, kupitia kumbukumbu zinazomrudia njiani akiwa na wenzake wapya vijana, Fern na Stark. Pengine utaratibu wako wa sehemu moja kwa siku ndio uliokuponza, maana nchini Japani sehemu nne za kwanza zilirushwa kwa mpigo usiku mmoja, tarehe 29 Septemba 2023, na watazamaji wakapata msiba pamoja na kinachoufuata.

Tazama pia jinsi hadithi inavyohesabu muda: maandishi ya kwenye picha hututajia ni miaka mingapi imepita tangu kifo cha shujaa Himmel. Sisi tunaielewa hesabu hiyo vizuri kuliko wengi. Mtu mzima wa hapa Dar es Salaam akiulizwa mtoto wake alizaliwa lini, anaweza kujibu kwamba ni mwaka aliofariki Mwalimu, na kila msikilizaji akajua kwamba ni 1999. Marehemu huwa nguzo ambayo miaka yetu hufungwa, na hadithi ya namna hiyo ingekimbizwa isingebaki na kitu.

Juu ya mtihani nakuunga mkono. Watahiniwa wengi wanaletwa kwa pamoja, majina hayakai kichwani, na Frieren anazama katikati yao.

Vinland Saga naipenda zaidi, na hapa ndipo wenzako wamejinyima. Msimu wa kwanza wa 2019 ulikuwa wa damu na kisasi. Msimu wa pili, wa 2023, unamkuta mhusika mkuu Thorfinn, kijana wa Kiviking, akiwa mtumwa katika shamba la Ketil huko Denmark, akifyeka msitu na kung'oa visiki pamoja na mtumwa mwenzake Einar, wakiwa wameahidiwa kwamba mavuno ya ngano yatawawezesha kununua uhuru wao. Sisi tunaoishi mwendo mfupi tu kutoka Bagamoyo, mji ambao watumwa walifikishwa kwa miguu kutoka bara, hatuwezi kuutazama ununuzi huo wa uhuru kama jambo la mbali. Uchovu wa visiki vile ni lazima uonekane, kisiki kwa kisiki, kwa sababu ndani ya kazi hiyo kijana aliyejua kuua tu anajifunza kuotesha kitu, na usingizi wake unaanza kumwonyesha wale aliowaua.

Waombe wenzako warudi waendelee mpaka pale Thorfinn anapoapa kuachana na ukatili. Mdogo wako, kama unaye, aanze na Frieren. Ile nyingine ina vifo vya kutisha na haimfai mtoto.