Sili ya difu imebadilishwa mara mbili, bado inavuja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, nabebea madafu kutoka Mkuranga kuleta Temeke. Masika yaliyopita ilianza kumwaga oili mbele ya difu (boksi la gia katikati ya mhimili wa nyuma), pale propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, inapofungwa. Fundi wa mtaani akabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili. Wiki tatu hazijaisha, oili ikarudi. Akaweka nyingine, na safari hii akakaza nati kwa bomba refu, akaning'inia kabisa. Sasa inavuja kidogo, lakini nikifika spidi 60 difu inalia uuuu, na nikishuka kuligusa ni la moto. Ninunue sili ya tatu?
Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sili usinunue bado, na gari lipumzishe leo. Huo mlio unanitia hofu kuliko oili inayodondoka.

Nati ile si nati ya tairi. Ndani, kati ya beringi mbili za pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela), Hilux za umri huo nilizofungua zina spesa, kibomba chembamba cha chuma kilichotengenezwa ili kibonyee. Unavyokaza nati ndivyo spesa inavyobonyea na beringi zinavyobanwa, mpaka zifike kiasi chake. Ukipitiliza, spesa hairudi. Usimkubali mtu atakayekwambia "tuilegeze kidogo": pinioni itabaki inacheza, na meno yataliwa. Dawa ni spesa mpya, na beringi zenyewe zitolewe zitazamwe. Zikiwa zimegeuka rangi ya bluu au zina vishimo, usizirudishe.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa bado najifunza kazi hapa mtaa wa Gerezani, nilikaza nati ya mteja kwa namna hiyo hiyo na nikajiona nimefanya kazi safi. Gari lilikwama Mlandizi usiku, beringi imesagika, mtu ana mzigo wa nyanya na mtoto mdogo kwenye kiti cha mbele. Tangu siku ile sikazi nati ya pinioni bila kupima.

Kupima kwenyewe hakuhitaji kifaa cha bei. Mimi natumia mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kilo 5, ya aina wanayotumia wauza samaki. Kabla ya kulegeza chochote, nyanyua nyuma pande zote mbili, ikae kwenye stendi, zuia matairi ya mbele kwa mawe, toa matairi ya nyuma na madramu ili breki isikudanganye. Piga alama kwenye propela na flenji (kile kisahani cha chuma propela inapofungiwa) kabla ya kuzitenganisha, zirudi zilivyokuwa. Kisha zungushia flenji kamba, funga mizani mwisho wa kamba, vuta taratibu. Soma namba flenji ikiwa inazunguka, siyo pale inapoanza kuondoka. Tuseme inasoma kilo moja na robo: iandike. Wakati wa kufunga, kaza kidogo, zungusha, pima, kaza tena, mpaka uifikie namba hiyo au uizidi kwa unywele tu. Kwako wewe namba ya sasa haifai kitu, kwa sababu beringi zimeshabanwa kupita kiasi. Fundi atakayeweka spesa mpya afuate kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Sasa turudi kwenye kuvuja, maana sili ya kwanza haikufa bure. Shika flenji kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi ilikuwa imechoka tangu awali, na hakuna sili itakayozuia oili kwenye pinioni inayoyumba. Isipocheza, itoe kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, usiigonge kwa nyundo. Ifute, halafu pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, umempata mwizi. Wengi wanampelekea mchonga vyuma aisawazishe. Hapo flenji inakuwa nyembamba na sili mpya inakaa legelege. Tafuta flenji nyingine nzima, au ivalishwe pete nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kuna kipumulio. Juu ya mhimili wa nyuma kuna kikofia kidogo, saizi ya kifuniko cha soda hivi. Difu likipata joto, hewa ya ndani inatanuka na inatokea hapo. Njia yenu ya masika naijua, tope linakauka juu yake kama saruji. Kikiziba, hewa inatafuta pa kutokea na kuisukuma oili kwenye sili, hata iwe mpya ya jana. Kisha ukiingia kwenye dimbwi difu likiwa la moto, linapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Kwa hiyo unapomwaga oili itazame: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kikofia kioshe kwa mafuta ya taa mpaka kizunguke chenyewe kwa kidole.

Sili yenyewe inunue ukiwa na ile ya zamani mkononi. Nyingi zina vipimo vitatu usoni, kwa milimita: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Vyote vitatu vilingane. Paka grisi kwenye mdomo wake, igonge pole pole kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wote, iingie sawasawa. Gundi ya gasketi isiguse mdomo. Ipake kidogo chini ya nati na kwenye meno ya flenji, maana oili hupitia hapo pia na watu huisingizia sili. Nati iwe mpya, na ukishamaliza kupima igongwe ukingo iingie kwenye mfereji wa pinioni, isilegee njiani.

Oili ya difu ya 80W-90, ya daraja la GL-5, ijae mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Usizidishe. Osha difu lote, tembea bila mzigo mpaka Kongowe na kurudi, halafu tandika boksi safi chini yake usiku kucha. Madafu ya siku hizo mpe mwenzako abebe.