Mtoto wa miaka 4 kapulizishwa mashine, karatasi inasema 61%, niamini?

SWALI: Habari dokta, niko Tabata. Mwanangu ana miaka 4, usiku kifua kinambana na akikimbia kinapiga miluzi. Tumempeleka kupimwa mapafu, kapuliza mashine mara mbili, karatasi imeandikwa FEV1 61%. Bibi yake analia tu. Ndo mapafu yameharibika? – Mama Ibra

JIBU: Pole Mama Ibra, bibi mwambie afute machozi kwanza. Kazi yangu ni kupulizisha watu hiyo mashine na hawa wadogo ndo wananitoa jasho, manake kipimo kinataka uvute hewa mpaka mwisho, ubane mdomo, upulize kwa nguvu zote na uendelee mpaka uishiwe, sasa wa miaka 4 ukimwambia vuta anapuliza, ukimwambia puliza anacheka. Wengi wanaanza kuelewa wakifika miaka 5 au 6. Chini ya hapo inawezekana ila inataka subira, na sio mara mbili, kuna siku nafika hata mara kumi na tunapumzika katikati.

Kwa hiyo asilimia iache kwanza, omba uone grafu. Akipuliza vizuri mstari unapanda ghafla kama mnazi, unapata ncha, afu unashuka mpaka chini. Kilele kikiwa cha mviringo kapuliza kivivu, mstari ukikatika njiani kaacha. Kuna mashine zina mchezo wa kuzima mishumaa kwenye skrini, mzuri kweli, ila mshumaa wa mwisho ukizima tu mtoto anageuka kukuangalia, yeye keshashinda, hewa imebaki ndani. Na mistari miwili isipofanana hizo namba usizilalie macho.

Cheki pia urefu walioandika. Mashine inamlinganisha na watoto wa umri, jinsia na urefu huo, mtoto wa sentimita 102 wakiandika 112 basi mapafu mazima yanaonekana madogo. Na FEV1 yenyewe ni hewa ya sekunde ya kwanza, wakati mtoto mdogo hivyo anaweza kumaliza hewa yote hata sekunde haijaisha! Ndo mana kwa umri wake tunaangalia ile ya nusu sekunde au robo tatu.

Kuna kipimo kingine kinaitwa osilometri, hapo anapumua kawaida tu, pua imebanwa, mimi namshika mashavu yasitikisike, hata wa miaka 3 anaweza. Shida mashine zake hazipatikani kila kona.

Ila pumu ya umri huu haisubiri mashine. Daktari wa watoto atakuuliza kuhusu kikohozi cha usiku, pumu kwenye ukoo, ukurutu, na anaweza kumjaribisha dawa ya kuvuta ya kila siku kwa speisa (ile chupa ya plastiki inayounganishwa na pampu ya dawa) miezi 2 au 3 aone kama anatulia. Mbavu zikizama akivuta pumzi hapo hospitali usiku huohuo.

Mkirudia kipimo, kama hajabanwa asivute pampu ya bluu (ile ya kufungua kifua haraka) masaa 4 mpaka 6 kabla, akibanwa mpe tu kipimo kitasubiri. Na mlete asubuhi keshakunywa chai, akija na usingizi atapuliza kama anapoza uji.