Fyuzi Ikiungua Tena na Tena, Acha Kuibadilisha

Fyuzi ya taa ndogo za nyuma za gari langu iliniungulia mara tano ndani ya wiki mbili. Kila mara nilipachika mpya, taa zikawaka, nikadhani yameisha. Siku ya pili au ya tatu, giza tena. Fundi mmoja akaniambia niweke ya ampea 20 badala ya 10. Nilikataa, na nakusihi nawe ukatae. Fyuzi hupimwa kulingana na unene wa waya inaoulinda. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya wenyewe, chini ya zulia, mahali usipopaona. Kuzungushia fyuzi iliyoungua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni hatari zaidi.

Kwanza chunguza inaungua lini. Ikikatika papo hapo hata kabla hujawasha swichi, shoti iko kati ya kisanduku cha fyuzi na swichi. Ikikatika unapowasha, tafuta baada ya swichi. Ikidumu dakika kadhaa ndipo ikatike, huenda si shoti, ni mzigo uliozidi: mota ya feni au ya wipa iliyoanza kukaza huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Yangu ilikuwa inakatika bila mpangilio, na hiyo mara nyingi ni dalili ya waya uliochubuka unaogusa bodi na kuachia.

Kilichonisaidia ni balbu ya indiketa ya wati 21. Niliiunganisha waya mbili, nikazichomeka kwenye nafasi ya fyuzi. Hata kukiwa na shoti kamili, balbu hiyo haipitishi hata ampea 2 kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo unatafuta kwa utulivu bila kumaliza fyuzi. Usifanye hivi kwenye saketi ya mifuko ya hewa wala ya kompyuta ya injini.

Nikachomoa balbu zote za saketi ile, nikawasha swichi. Balbu yangu ya majaribio ilibaki imezima, kama inavyotakiwa. (Ingewaka, shoti ingekuwa kwenye waya wakati huohuo. Na kama ingewaka kwa nguvu niliporudisha balbu fulani, ningekagua kishikio chake kwanza.) Basi nikaanza kutikisa waya, kipande kwa kipande: chini ya dashibodi, kwenye kizingiti cha mlango, hakuna kitu. Nilipoinua mlango wa buti nusu, balbu ikawaka kwa nguvu. Nikaushusha, ikazima. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba taa zilikuwa zikipotea baada ya kupakia mizigo!

Nikatoa kichwa cha hasi cha betri, nikavuta ule mpira unaopitisha waya karibu na bawaba. Waya mmoja ulikuwa umekatika ganda, shaba iko wazi. Kuuzungushia tepu peke yake hakutoshi mahali panapokunjwa kila siku, kwani tepu huachia. Nilikata sehemu mbovu, nikaunga kipande kirefu kidogo kwa lehemu, nikafunika kwa mpira unaobana kwa joto, nikaacha waya ulegee ili usivutike. Waya za jirani nilizikagua zote, maana zimezeeka pamoja.

Nikarudisha betri, nikapachika fyuzi ya ampea 10 ileile, nikafungua na kufunga buti mara thelathini taa zikiwa zimewaka, ndipo nikarudishia kifuniko.