Saa ya kwanza ya zamani: tazama uso kabla ya jina

Mkuu, umesema una hela ya saa moja tu ya zamani, na kila unayemuuliza anakutajia Omega au Rolex. Haya mambo nayafanya mwaka wa kumi na moja sasa. Ushauri wangu: tafuta fundi kabla hujatafuta saa. Na saa ikishafika mkononi, tazama uso wake kwanza, jina liache la mwisho.

Nilijifunza hili kwa hela yangu. Saa ya kwanza niliyonunua ilikuwa Omega Seamaster ya kujaza ufunguo. Uso ulikuwa mweupe, unang'aa kama wa jana, na mimi nikaona hiyo ndiyo sifa yake. Nilipoipeleka kwa fundi kusafishwa, aliifungua, akaisifia mashine, kisha akanipa lenzi yake na kuniambia, "Tazama herufi." Nikatazama. Herufi zilikuwa nene, kingo zimetambaa kama wino uliomwagika kwenye karatasi laini. Vistari vya dakika vilitakiwa kuangukia katikati ya alama za chuma za saa, lakini kwenye 4 na 8 vilikuwa vimekaa pembeni kabisa. Uso ulikuwa umefutwa na kupakwa upya. Mashine ya kweli, kasha la kweli, ila kile ambacho wakusanyaji hukilipia kuliko vyote kilikuwa kimeshaondoka, na hakuna fundi duniani wa kukirudisha.

Kwa hiyo nunua lenzi ya kukuza mara kumi hata kabla ya saa yenyewe. Uso uliozeeka kihalali huzeeka bila mpangilio: madoa huanzia ukingoni ambako unyevu hupenya, na rangi hugeuka maziwa au kahawia kidogo kidogo. Maandishi lakini hubaki makali. Ukiona saa ya miaka ya 1960 ina uso usio na doa hata moja huku kasha limechakaa, uliza maswali mengi. Uso wenye madoa yake ya asili mimi nauchukua siku yoyote mbele ya uliopakwa rangi.

Sasa saa gani? Kwa mtu wa saa moja, ningekuelekeza kwa Seiko za miaka ya 1960 na 1970, au saa za Uswisi za majina ambayo hayasikiki tena. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi (yaani ya betri) kuuzwa madukani, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya saa za mashine vilifungwa. Majina yalikufa, lakini saa zao nzuri bado zipo. Nyingi ndani yake zina mashine za ETA au A. Schild, watengenezaji wa mashine wa Uswisi, mashine zilezile zilizowekwa kwenye saa za chapa nyingi tofauti. Faida yake ni kwamba fundi anazifahamu, na kipuri hupatikana kwenye saa nyingine iliyokufa.

Seiko wana uzuri mwingine: saa yenyewe hukuambia umri wake. Geuza utazame kifuniko cha nyuma. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, tuseme 6139-6002. Ya kwanza ni mashine, ya pili ni kasha. Kisha kuna namba ya mfululizo: tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na kwa Oktoba, Novemba na Desemba hutumika O, N na D. Namba ikianza na 72, ni Februari ya mwaka unaoishia na 7. Mashine ya 6139 ilitoka 1969, kwa hiyo haiwezi kuwa 1967. Hiyo ni 1977. Halafu mwombe muuzaji afungue. Kama kifuniko kinasema 6139 na mashine iliyomo ina namba nyingine, hiyo ni saa ya kuunganisha viungo vya marehemu watatu. Hata uso una namba ndogo sana chini kabisa, karibu na 6, isome nayo.

Kuhusu mashine, neno "inatembea" lisikutoshe. Saa inaweza kutembea huku mafuta yamekauka na vyuma vinasagana, na kila siku unayoivaa hivyo unaiua. Weka sikioni: mlio uwe sawasawa, usichechemee. Nyingi za kujaza ufunguo hupiga 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde, na sikio likizoea hutambua haraka pigo lililolegea. Jaza taratibu, ukihisi ugumu acha hapo hapo, kamani, yaani springi inayoiendesha, imejaa. Kama fundi ana kifaa cha kupima mwendo, aiweke pale mbele yako. Gharama ya kusafisha na kutia mafuta ihesabu tangu mwanzo kama sehemu ya bei, hasa muuzaji akishindwa kusema mara ya mwisho ilifunguliwa lini.

Maji, kamwe. Hata kama mgongoni imeandikwa haiingii maji, mpira wa kuzuia ulishakauka zamani.

Na hili nakusihi kwa dhati: saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zina radiamu, kitu chenye mionzi, kwenye mishale na namba zilizokuwa ziking'aa gizani. Rangi yenyewe imechoka, haing'ai tena, lakini radiamu huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo iliyomo ni karibu yote ile ile. Ikiwa imefungwa, shida ni ndogo. Hatari ni vumbi lake ukilivuta au kulimeza. Usifungue mwenyewe, usikwangue, na mwambie fundi mapema ajue anachofungua. Za baadaye zilitumia tritiamu, na utaona herufi T pande mbili za neno SWISS chini ya uso. Hiyo hupungua nusu kila miaka 12 hivi, ndiyo maana gizani nayo imebaki kimya.

Kwenye saa yenye tarehe, usiibadilishe kwa mkono mshale mfupi ukiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, yaani kutoka 9 hadi 3 usoni. Wakati huo meno ya tarehe yameshashikana, ukilazimisha yanavunjika. Nimeona saa nzuri ikiharibika hivyo siku ileile iliponunuliwa.

Mikwaruzo ya kioo isikutie hofu. Vioo vingi vya zamani ni plastiki ngumu, husuguliwa kwa dawa ya kung'arishia vikarudi safi. Kasha liache lilivyo: likisuguliwa, kona zake hulainika na ukali wake haurudi.

Ile Seamaster bado ninayo, na naivaa. Ukipata uliyoipenda, piga picha tatu: uso kwa karibu kwenye mwanga wa mchana, mgongo, na mashine ikiwa wazi. Zilete hapa kabla hujatoa hela, tuanze na zile herufi.