Nanga ni ya Bibi Yangu

Wiki hii mmeuliza: msanii akirekodi wimbo wa ngoma za asili, malipo yamwendee nani? Nilitaka kujibu kwa neno moja, wenyewe, nikalale. Usingizi ukakataa.

Tulikuwa harusini Ngamiani, sahani za pilau ndiyo kwanza zinaondolewa, DJ akaweka wimbo wa kijana mmoja wa hapa hapa Tanga. Watu wakainuka kucheza. Bibi yangu, kungwi tangu mama hajaolewa, akanibana mkono. "Huo si wetu wa ndani huo?"

Ulikuwa wenyewe. Kiitikio ni kile tunachomwimbia mwali unyagoni, kwa ngoma ya msondo, mlango umefungwa, mwanamume haruhusiwi hata kukatiza uani. Bwana anakuja na mtumbwi, mwali anaambiwa amwagize nanga. Kijana kaongeza kinanda tu. Utotoni alikuwa akicheza nyuma ya ua wetu, na ua wa makuti hauna siri.

Kumbe mama mmoja wa Pangani katusikia. "Huo wimbo wetu. Mliuchukua kwetu, sisi twasema alete kasia." Bibi akapiga meza, soda ikaruka mpaka kwenye leso ya mwenzake. "Kasia hata mpita njia analo! Nanga niliitia mimi, harusi ya dada yangu, baada ya kuona wanaume wanavyokuja na kuondoka!" Meza nzima ikacheka, yule wa Pangani naye, huku anajifuta. Lakini hakurudi nyuma: mtumbwi wa kwao, nanga ya Bibi, basi.

Na kwenye rekodi ni nanga. Ushahidi gani tena?

Asubuhi nikamwambia Bibi twende tukadai. Akaendelea kukuna nazi. "Nidai nini? Angekuja kuniomba ningemkatalia."

Hapo ndipo swali lenu lilipopwaya. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haikuzisahau sanaa za jadi: anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili aombe kibali BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Sawa, ila BASATA watajuaje kwamba wimbo huu una mlango? Aliyeufunga yuko Ngamiani, juu ya mbuzi ya nazi.

Nilianza kuandika nikiwa na hasira na yule kijana. Sasa sijui. Binti yangu ameujulia kwenye simu, kwa Bibi hakutaka kukaa hata siku mbili. Na Bibi mwenyewe hakuwaomba Pangani.

Mkinilazimisha: asilipe kitu kwa mtumbwi, ila nanga aitaje ni ya nani. Kama wimbo umemwingizia fedha za maana, hilo tulizungumze upya. Na msije mkaniuliza mbona nami nimeutoa nje. Maneno nimeyageuza kidogo, na kwa wasiochezwa unyago, mtumbwi uendelee kuwa mtumbwi.