Kabla ya kuleta maji shambani, tafuta yatatokea wapi

Msimu wangu wa kwanza Usangu, mkoani Mbeya, nilikodi eka mbili upande wa Igurusi, na kichwani nilikuwa na swali moja tu: maji nitayapataje? Kiangazi cha kule hakina mzaha. Mvua zikikata mwezi wa tano, unaishi kwa mfereji mpaka Novemba. Basi nikachimba mfereji wangu kutoka ule wa skimu ya umwagiliaji, nikalipia zamu ya maji, nikapanda vitunguu. Siku maji yalipoingia nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu Iringa.

Wiki ya sita, theluthi ya chini ya shamba ikaanza kuwa njano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Mzee mmoja jirani akapita na jembe begani. Nikamwamkia, akaitikia, akachomoa kitunguu kimoja akaninusisha. Kimeoza. "Mwanangu," akasema, "mgeni umemkaribisha, mlango wa kutokea hujamwonyesha."

Cha kuaibisha ni kwamba nimekulia Kilolo, kwenye vinyungu vya bibi, yaani bustani za bondeni kwenye unyevu. Aliyewahi kulima kinyungu anajua: bondeni hakuna shida ya maji, shida ni kuyapunguza. Bibi alikuwa anachimba mtaro kwanza, udongo wake ndio unapandishwa kuwa tuta. Maji yakizidi, mtaro unaachwa wazi yateremke. Jua likikaza mwezi wa tisa, anaziba mtaro kwa mabonge ya udongo, maji yanapanda yanalowesha tuta kutoka chini. Mtaro mmoja, kazi mbili. Mimi nilifika Usangu nikasahau yote kwa sababu niliona vumbi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: usishike jembe kabla hujapima levo. Huhitaji mashine. Tafuta mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi ujenzi, na fito mbili zilizoandikwa sentimita. Jaza maji, hakikisha hakuna mapovu (povu moja tu linakudanganya), mmoja asimame upande wa juu wa shamba, mwingine wa chini, kila mmoja ameshikilia ncha ya mpira kwenye fito yake. Tofauti ya vipimo kwenye fito ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Pima kila mita 10, andika kwenye daftari.

Mimi nilipima baada ya hasara. Mita 60 za kwanza zilishuka sentimita 25, sawa kabisa kwa mifereji ya kati ya matuta. Mita 40 zilizobaki zilishuka sentimita 3 tu. Yaani nilikuwa nalima bakuli, na kwa macho huwezi kuliona. Mteremko wa sentimita 20 hadi 50 kwa kila mita 100 unatosha kwa mifereji ya matuta. Ukiwa mkali zaidi udongo mwepesi unachukuliwa. Jaruba la mpunga ni habari nyingine, lenyewe linataka kuwa tambarare, na ndiyo maana watu wanachavanga (wanavuruga tope) na kusawazisha kwa uvumilivu mkubwa. Hata hivyo jaruba nalo linataka pa kutolea maji, maana mpunga unakaushwa kama wiki mbili kabla ya kuvuna.

Halafu jua maji yako ni kiasi gani. Tupa kijiti kwenye mfereji ulionyooka, hesabu sekunde kinazotumia kwenda mita 10. Wangu ulikuwa na upana wa sentimita 40, kina 15, kijiti kikatumia sekunde 50. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, kisha punguza kidogo, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Nilipata kama lita 10 kwa sekunde. Eka moja ikitaka maji ya kimo cha milimita 50 ni kama lita 200,000, kwa hiyo ni karibu masaa sita bila kuhesabu yanayopotea njiani. Zamu yangu ilikuwa ya masaa manne. Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa nagombana na watu wa zamu.

Ndani ya shamba kuna kipimo kingine ninachokipenda: kama unataka maji yakae kwenye mfereji masaa manne, yafike mwisho ndani ya saa moja hivi. Yakichelewa, juu yanazama kupita mizizi huku chini kunabaki kukavu. Fupisha mifereji au ongeza maji kwa kila mmoja.

Sasa mtaro wa kutolea. Mwisho wa masika chimba shimo la mita moja sehemu ya chini. Maji yakisimama sentimita 40 kutoka juu, hapo mizizi haina hewa, mwagilia usimwagilie. Mtaro wangu una kina cha sentimita 70, unapita upande wa chini wa shamba na kumwaga kwenye korongo. Kwenye udongo wa kichanga lazeni kingo, zisisimame wima, na udongo uliochimbwa usiurundike ukingoni, utarudi wote. Upande wa juu nikaongeza mtaro wa kukinga, kwa sababu masika kalavati la barabara lilikuwa linanimwagia maji ya mlimani. Hilo nililigundua kwa kutembea shambani mvua ikinyesha, siyo kesho yake.

Msimu wa pili pale bakulini palibaki utando mweupe. Ni chumvi. Maji ya mfereji huwa na chumvi kidogo, jua linanyonya maji, chumvi inabaki, na bila mtaro hakuna cha kuiosha. Palichukua misimu miwili kurudi.

Mambo ya sheria kwa ufupi: ukichepusha maji ya mto mwenyewe, kibali unaomba Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji; na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wenye vinyungu wanaijua hiyo kwa uchungu.

Kilichonichosha kuliko kuchimba ni majirani. Korongo liko mita 50 mbele, katikati kuna shamba la mama mmoja. Tuliandikishana mbele ya viongozi wa skimu: mimi nisafishe mtaro kila Oktoba, nimwekee magogo ya kuvukia. Mwaka wa kwanza alinung'unika. Akaja kupanda magimbi kandokando ya mtaro, na sasa nikipunguza maji ananipigia simu kuuliza kulikoni.