Kwa Wanaoanza Kusoma Mikataba ya Wacherokee: Anzeni na Kifungu cha 7

Ninyi mnaoanza kusoma sheria zinazohusu mataifa asilia ya Marekani mtakutana mapema na Mkataba wa New Echota wa mwaka 1835, ambao kwao ardhi ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa hayo, iliyo mashariki ya mto Mississippi iliachiwa Marekani, na mtashawishika kuujua kupitia muhtasari wa mtu mwingine. Mimi nilifanya hivyo. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika kwamba Wacherokee "waliahidiwa kufikiriwa" kupewa mjumbe katika Kongresi, kwa kuwa muhtasari niliokuwa nao ulisema hivyo. Msimamizi wangu alinirudishia karatasi akiwa amepigia mstari neno "kufikiriwa" peke yake, na pembeni ameandika: umelitoa wapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu mkataba wenyewe sikuwa nimeufungua.

Kifungu cha 7 kinasema kwamba Wacherokee watakuwa na haki ya kuwa na mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati wowote Kongresi itakapoweka utaratibu wa jambo hilo. Kaeni na sentensi hiyo kwa muda, kisha jaribuni kuifasiri kwa Kiswahili chenu wenyewe, kwani zoezi hilo litawafundisha zaidi ya kurasa nyingi za ufafanuzi. Ukiandika "iwapo Kongresi itaweka utaratibu", umeigeuza haki kuwa hisani ambayo mtoaji anaweza asiitoe kamwe. Ukiandika "pindi Kongresi itakapoweka utaratibu", haki tayari ipo, na kilichoachwa mikononi mwa Kongresi ni namna na tarehe ya kuitekeleza. Mabishano yote ya leo, kuhusu kama Baraza linapaswa kumpokea mjumbe wa Wacherokee, yamekaa katika pengo hilo. Mimi nimeegemea "pindi", na si kwa huruma tu. Mahakama za Marekani zina kanuni ya zamani kwamba mkataba na taifa asilia husomwa kama watu wa taifa hilo walivyouelewa, na penye utata tafsiri iwaelekee wao, kwa kuwa maandishi yaliandaliwa kwa lugha ya upande wa pili.

Swali ambalo wageni wa somo hili huliuliza mapema ni hili: Wacherokee wanawezaje kuudai mkataba ambao wengi wao waliukataa? Ni swali la haki, na historia yake inauma. Waliotia saini tarehe 29 Desemba 1835 walikuwa kikundi kidogo kilichoongozwa na Major Ridge, mwanawe John Ridge, na Elias Boudinot, bila idhini ya serikali ya Wacherokee. Chifu Mkuu John Ross aliupinga mkataba huo waziwazi, lakini Seneti iliuridhia mwaka 1836 kwa kuvuka theluthi mbili kwa kura moja tu. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani mwao, na katika safari ya kuelekea magharibi, ile inayoitwa Njia ya Machozi, inakadiriwa kwamba Wacherokee wapatao 4,000 walikufa. Kwa hiyo Marekani ilichukua ardhi yote ya mashariki ya mto Mississippi iliyotajwa katika mkataba, na waliolipa bei hiyo ni wale ambao hawakuafiki. Aliyekwisha kupokea mali hana uso wa kusema kwamba ahadi aliyoitoa ili aipate ilikuwa na kasoro. Zaidi ya hayo, mkataba wa 1866 kati ya Wacherokee na Marekani ulithibitisha masharti ya mikataba ya awali ambayo hayakupingana nao, na tangu Mkataba wa Hopewell wa mwaka 1785 Wacherokee walikuwa wameahidiwa haki ya kutuma mwakilishi wao kwenye Kongresi.

Mjumbe wa Wacherokee asingekuwa na kura ya kupitisha sheria, lakini msiandike kwamba mjumbe asiye na kura ni mtazamaji. Baraza lina wajumbe 435 wenye kura na sita wasiokuwa nayo: wa jiji la Washington, Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani, Mariana Kaskazini, pamoja na Kamishna Mkaazi wa Puerto Rico. Hawa hawapigi kura ya mwisho ya kupitisha muswada, lakini huzungumza ukumbini, huwasilisha miswada, na hupiga kura ndani ya kamati, ambako sehemu kubwa ya maneno ya sheria huandikwa na kufutwa.

Neno jingine la kuangalia ni "kabila". Kwetu kabila halisaini mkataba na dola. Hapa anayesaini ni taifa lenye serikali, mahakama na katiba yake. Andikeni "Taifa la Cherokee", lenye makao yake Tahlequah, Oklahoma.

Taifa hilo lilimteua Kimberly Teehee kuwa mjumbe wake mwaka 2019, na tarehe 16 Novemba 2022 Kamati ya Kanuni ya Baraza ikasikiliza hoja za mashahidi, akiwamo Chifu Mkuu Chuck Hoskin Mdogo. Someni kumbukumbu za kikao hicho kikamilifu. Mtaona hoja kwamba Wacherokee watawakilishwa mara mbili kwa kuwa tayari wanampigia kura mbunge wa jimbo lao. Hiyo naiona nyepesi, kwani mjumbe huyu angesemea taifa lililofunga mkataba, na kura ya kupitisha sheria asingekuwa nayo. Inayonisumbua kweli ni ya makundi mengine mawili ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, la Keetoowah na lile la mashariki huko North Carolina, ambayo nayo yana mizizi katika watu walewale wa 1835. Msiipite kwa haraka.

Mtaambiwa pia kwamba Kongresi inaweza kuuvunja mkataba, na ni kweli. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo katika kesi ya Lone Wolf mwaka 1903. Lakini katika kesi ya McGirt mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilisisitiza kwamba Kongresi ikitaka kuvunja ahadi ya namna hii ni lazima iseme bayana. Mimi sijaona sheria yoyote iliyokifuta Kifungu cha 7. Anayewaambia kimekufa, mwombeni awaonyeshe sheria iliyokifuta, mwaka wake na kifungu chake.